Vijana wangu wa Kondele, kabla hamjasaini

Wanangu mnaoimba hapa Kondele, Manyatta na Nyalenda, poleni na kazi. Nimeskia kuna lebo ya muziki inatafuta wasanii na wengine wenu mshapewa karatasi za mkataba, sasa naomba mniskize kidogo, hiyo njia nimeipita na gita yangu ya benga.

Mimi nilisaini juu ya spika, usiku, tukingoja kupanda stejini, jamaa ameshika tochi ya simu ananionyesha tu pale pa kuandika jina. Kurasa 11, sikusoma hata moja. Macho yalikuwa kwa bahasha.

Hiyo bahasha ndiyo nataka muielewe. Advansi, ile pesa wanakupa mwanzo, ni deni, na linalipwa kutoka kwa fungu lako pekee. Tuseme wamekupa 200,000 na mkataba unakupa asilimia 20. Nyimbo lazima ziingize 1,000,000 ndio deni liishe, na hapo wao washabeba 800,000 zao na wewe hujaona hata bob, halafu wanaongeza video, nguo za video, mafuta ya gari, mpaka chipsi mlizokula studio, yote yanaandikwa kwa jina lako. Kina dada wa kundi la TLC kule Marekani walitangaza wamefilisika mwaka 1995 na albamu yao ilikuwa imeuza mamilioni.

Na ukishalipa, masta, yaani rekodi yenyewe ya wimbo, bado ni yao! Umelipia shamba lote, hati inabaki kwa broka. Kuna siku nilipigia fundi wa pikipiki simu, nikaskia sauti yangu inaniimbia, ule wimbo wa marehemu mama, fundi ameuweka skiza, ule mlio anayekupigia anauskia, na analipia, na ile pesa haikuwahi kunifikia. Nilikata simu nikakaa tu.

Sheria yetu ya hakimiliki hapa Kenya, ya 2001, inasema huwezi kumpa mtu haki zako zote kwa mdomo tu, lazima maandishi na saini. Kwa hivyo hiyo saini ndiyo wamefuata, si sura yako.

Ulizeni masta inarudi kwenu mwaka gani. Ulizeni kama wanakata pesa za shoo pia, juu siku hizi kuna mikataba inakula mpaka ile ya kupiga matanga Siaya. Akikuharakisha, mwambie unarudi kesho.

Mimi naona tuchange, tulipe wakili mmoja asome hizo karatasi zote pamoja. Jumapili baada ya kanisa niko nyumbani, zileteni, hata kama mshasaini.