Mwanangu, "limepokelewa" si "limekubaliwa"

Tabora

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ila goti la baba yako limeanza tena visa vyake vya masika. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema ofisini kwenu wameleta programu ya akili mnemba inayosikiliza kikao, na kabla watu hawajamaliza chai muhtasari uko tayari. Hujui ufurahi au uanze kutafuta kazi nyingine. (Afadhali waiite mnemba kuliko bandia, bandia kwetu ni noti na dawa.) Nimeona nikujibu kwa kalamu, maana kwenye simu wewe hunikatiza.

Nilipoingia Chuo cha Uhazili hapa Tabora mwaka 1980, kompyuta nilikuwa sijawahi kuiona. Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuziingiza nchini tangu 1974, baada ya hesabu zake kuvurugika kwenye mashine iliyokuwa imegharimu fedha nyingi. Sisi tulikuwa na taipureta, na hatimkato, yaani mwandiko wa alama za mkato, ya maneno 80 kwa dakika, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Ukikosea herufi moja kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala, unapaka ile dawa nyekundu, unapuliza, unasubiri ikauke, huku bosi amesimama mlangoni. Ofisini kwetu kompyuta ya kwanza ilikuja mwaka 1995. Iliwekewa chumba chenye kiyoyozi, na mkurugenzi mwenyewe hakuwa nacho. Tulikuwa tunavua viatu kuingia.

Sitakudanganya kwamba hakuna aliyeumia. Chumba cha wapiga chapa tulikuwa wanane. Miaka sita baadaye tulibaki watatu. Watu husema kompyuta ndiyo iliyowaondoa. Mimi nilikuwepo, na nilichokiona ni wakubwa kuanza kuandika barua zao wenyewe. Zilijaa makosa, lakini nani atamwambia bosi? Na sisi tuliobaki hatukuwa hodari kuliko walioondoka. Aliyepiga chapa vizuri kutuzidi wote, karatasi yake haina doa, alikuwa wa kwanza kupewa barua ya kuachishwa kazi, kwa sababu hakupelekwa mafunzo. Mimi nilipelekwa wiki mbili kwa kuwa siku orodha inaandikwa nilikuwa nimekaa mezani kwangu. Ni bahati tu. Kwa hiyo wakiuliza nani anataka kujifunza hiyo programu, usikae nyuma ukingoja kuitwa. Na ukishaijua, mfundishe na yule dada wa masjala, asije akapewa barua na yeye.

Sasa muhtasari wenyewe. Hapo ndipo nina neno.

Nimeandika mihtasari zaidi ya miaka 30. Mjumbe anatoa wazo, mwingine anasema, "Wazo la ndugu yangu ni zuri, tulipokee." Mwenyekiti anajibu, "Limepokelewa, tuendelee." Asiyezijua ofisi zetu ataandika kwamba kikao kimekubali. Mimi nilijua limezikwa hapo hapo, tena kwa heshima zote. Au mkuu anaulizwa habari za posho, anasema, "Tutaliangalia," huku anafunga kifuniko cha kalamu yake. Jibu lilikuwa pale kwenye kifuniko. Mashine yako imesikia maneno, kalamu haikuiona. Itaandika kwamba menejimenti imeahidi kushughulikia posho, kwa Kiswahili kilichonyooka kama shati la sare, na mwezi ujao chama cha wafanyakazi watakuja na karatasi yenye jina lako chini.

Halafu kuna mzee asiyesema neno kikao kizima, mwisho anakohoa, na wote wanaahirisha ajenda. Sijui programu inakiandikaje kikohozi.

Lakini nisiionee. Unakumbuka ulivyokuwa unalala ofisini kwangu juu ya viti viwili vilivyounganishwa? Saa nne usiku mama yako anapiga chapa kurasa 14 ambazo asubuhi hakuna atakayezisoma zaidi ya ukurasa wa maazimio. Ulipougua surua nilikuacha kwa jirani kwa sababu ya kikao cha bodi. Kama ingekuwapo mashine ya kunirudishia saa zile, ningeikumbatia mchana kweupe, na wala nisingeuliza imetoka nchi gani. Iache ifanye ile kazi ya kuandika. Wewe ingia kikaoni na daftari lako, andika yale isiyoyasikia, kisha kaa na rasimu yake mstari kwa mstari kabla hujaitoa. Nusu saa itakutosha, badala ya usiku mzima.

Mstari kwa mstari, nimesema. Mwaka 2023 kule New York mawakili walipeleka mahakamani hoja za maandishi zilizotaja kesi sita ambazo hazikuwahi kuwepo. Programu ya namna hiyo ndiyo iliyowatungia, na wao hawakwenda kuzitafuta. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000, hakuitoza programu. Hao ni watu wenye shahada. Kilichowaponza ni kutosoma kitu walichokitia saini, na kosa hilo hata mimi nimewahi kulifanya na taipureta. Barua ya uhamisho niliinakili kutoka barua ya zamani, nikabadilisha jina nikasahau kituo. Baba wa watu akaenda Kigoma na familia yake na kabati.

Jambo la mwisho. Barua ya siri tulipoipiga kwa nakala, karatasi ya kaboni tulikuwa tunaichoma, kwa sababu ukiiinua kwenye mwanga unasoma kila kitu. Nilifundishwa hivyo wiki ya kwanza kazini. Basi kabla hujaibandikia hiyo programu jalada la mtumishi, au barua ya daktari, waulize watu wenu wa kompyuta: kaboni inabaki wapi? Nani anaweza kuiinua kwenye mwanga? Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Isome mwenyewe, usiiombe mashine ikufupishie. Na wasipokuwa na jibu, majalada ya watu yabaki kabatini, hata kama mkuu ana haraka.

Nilitaka kukuambia uniletee huo muhtasari wa mashine niupitishie kalamu nyekundu, halafu nikakumbuka kwamba ni wa ofisi na mimi ni mstaafu. Usiulete. Ukija likizo tutaijaribu kwenye kikao cha ukoo, tuone itamwandikaje shangazi yako.

Barua hii inakuja na dumu la asali kwa basi la asubuhi. Nenda kituoni mwenyewe, usimtume mtu. Tena kabla hujamwacha dereva aondoke, fungua kifuniko uonje.

Mama yako