Mkutano wa wanajeshi wa zamani ukague karatasi pia

Bwana Mhariri,

Nimesoma habari yenu juu ya mkutano wa kila mwezi wa wanajeshi wa zamani hapa Katuba. Michango ya matanga na kutembelea wagonjwa ni kazi njema. Ila saa moja itengwe kukagua karatasi za kila mzee angali hai, kwa maana faili ya mjane anayedai haki za marehemu mumewe hukwama mara nyingi kwa sababu ya jina tu.

Chanzo kinajulikana. Aliyeingia jeshini akiitwa Joseph alilazimika mwaka 1972, chini ya otantisite, siasa ya Rais Mobutu ya kurudia majina na desturi za asili, kuacha jina la ubatizo. Hivyo kitabu cha jeshi kina jina moja, hati ya ndoa ina lingine, na kadi ya mpiga kura pengine la tatu. Mzee mwenyewe, akiwa na wenzake wawili waliotumika naye, anaweza kuthibitisha kwamba ni mtu yule yule. Akiisha kufa, mjane atamleta nani? Inaumiza kuona mama akizungushwa hivyo ofisi kwa ofisi.

Katibu afungue kaye (daftari): majina yote yaliyowahi kutumika, matrikule (namba yake ya jeshi), jina la mke kama lilivyo kwenye hati, tarehe ya ndoa. Fotokopi tatu zigongwe muhuri kwenye ofisi ya komini. Hati za asili zisifunikwe kwa plastiki ya moto, kwani baadaye muhuri ni vigumu kuhakikiwa. Bahasha kavu inatosha. Ndoa ya kimila isiyoandikishwa ishughulikiwe kwanza, wenzi wote wawili wakiwapo.

Msomaji, Lubumbashi