Kaka, kabla hujalipia kiwanja

Kaka, Assalaam alaykum.

Nimesikia unatafuta kiwanja Kimbiji, huku kwetu Kigamboni. Nimesikia kwa watu, si kwako. Wewe uliyekuwa ukipaita porini! Nimefurahi, wallahi, na nimelia pia. Naandika hapa kwa kuwa shemeji husoma, atakuonyesha. Simu zangu hupokei.

Dalali atakupeleka kiangazi. Wewe nenda masika, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, uone maji yanatuama wapi na bodaboda wanaishia wapi. Shamba likishakatwa viwanja, barabara unayoonyeshwa kwenye ramani huenda bado ni mikorosho ya mtu. Mawe ya mipaka uyaone kwa macho yako. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa si hati. Nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi, ujue kiwanja ni cha nani, kabla hujatoa hata shilingi. Na waulize wenyeji habari za 2008, serikali ilipotangaza mji mpya wa Kigamboni na watu wakazuiwa kuendeleza maeneo yao.

Kazi ikiwa Posta, utaamka saa kumi alfajiri. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa 2016 tulipumua, ila darajani kuna tozo na kwenye feri kuna foleni. Wanangu nawaacha wamelala, nikirudi wanasinzia. Hilo sikufichi.

Lakini usiseme nilimleta mama huku kumtupa. Magomeni alikuwa akishinda barazani anatazama bajaji zikipita. Mwanamke aliyekulia Rufiji na jembe mkononi! Huku alilima kunde, mchicha, mihogo. Mihogo hiyo uliletewa kwenye kiroba, ukala, ukaomba mingine.

Halafu siku ya hitma, chini ya turubai, ukasimama na kanzu yako ukasema kwa sauti, "Angebaki Magomeni angekuwa hai. Huyu amemuua kwa kumpeleka porini." Aliyekuwa anagawa pilau alisimama na sahani mkononi. Shangazi akainamisha kichwa, akajifunika kanga. Hata mmoja hakukukataza. Nami nilinyamaza, kwa sababu ulikuwa msiba wa mama yetu na sikutaka watu waondoke na hadithi yetu badala ya dua yake.

Usiku ule hukuwepo. Sukari ilipopanda nilimgongea jirani, akatoka na msuli kiunoni, akawasha gari bila kuuliza mafuta nani ataweka. Tukafika, akapokelewa, akawekewa dripu. Aliishi mpaka Ijumaa, anaongea, anakuulizia. Si umbali uliomuua, kaka. Magomeni gari lako lilikuwa likilala chini ya dirisha lake, na kliniki alikuwa akienda kwa bajaji, peke yake, na kadi yake ndani ya mfuko wa rambo. Niliyeliona hilo ni mimi. Niliyemchukua ni mimi.

Wewe ni kaka yangu, uliyenibeba mgongoni mafuriko yalipoingia ndani, na siwezi kukuacha ukatapeliwa. Karibu na kwetu, ng'ambo ya mikorosho, kipo kiwanja hakijauzwa. Mwenyewe namfahamu, hati anayo, maji hayasimami. Njoo Jumapili nikupeleke. Shangazi atakuwepo, na yale maneno ya chini ya turubai utayafuta mbele yake kabla hatujapakua chakula.