Kabla ya kununua matumbawe ya matawi, nunua betri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwashauri wanaotaka kufuga matumbawe ya matawi kwenye matangi ya nyumbani hapa Dar es Salaam. Wengi humalizia fedha kwenye kioo na taa. Lakini matumbawe haya, hasa Acropora, huuawa zaidi na joto linalopanda na kushuka, ualkali (akiba ya kaboneti na bikaboneti ndani ya maji) unaoyumba, na maji yanayosimama umeme unapokatika. Dawa ya yote hayo iwepo kabla tumbawe halijaingia ndani ya nyumba.

Nianze na umeme. Maji yakisimama, oksijeni huanza kupungua, na usiku ni hatari zaidi kwa kuwa mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe nao huitumia badala ya kuitoa. Tangi lenye samaki wengi linaweza kupoteza kila kitu kwa saa chache. Taa haina haraka. Matumbawe hukaa gizani siku mbili bila madhara makubwa. Kwa hiyo huhitaji jenereta ya kuendesha mitambo yote. Pampu moja ya mawimbi ya volti 12 na wati 20, iliyoungwa moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100, inatosha. Ukitumia nusu tu ya chaji ili betri isife mapema, unapata takriban saa 30. Ielekeze juu, ivunje uso wa maji.

Joto lilenge nyuzi 25 hadi 27, na kutotikisika ni bora kuliko namba yenyewe. Kuanzia Desemba hadi Machi, chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30. Feni inayopuliza uso wa maji hushusha nyuzi 2 au 3, ila unyevunyevu wa hewa ukizidi, nguvu ya feni hupungua, maana hupoza kwa kuyafanya maji yageuke mvuke. Mashine ya kupozea maji ni ya uhakika zaidi, lakini ikae nje ya chumba, vinginevyo joto inalolitoa kwenye maji litarudi kupitia hewa.

Mvuke huondoka, chumvi inabaki. Tangi la lita 400 chini ya feni linaweza kupoteza lita 5 kwa siku. Rudishia maji yasiyo na chumvi, yaliyopita kwenye mashine ya osmosisi na resini mpaka kipimo cha TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) kisome sifuri, tena kidogo kidogo kwa valvu ya boya, si ndoo nzima kila baada ya siku tatu. Maji ya kisima yaache. Sehemu nyingi za jiji yana chumvi na naitreti. Chumvi ya tangi ibaki gramu 35 kwa kilo ya maji.

Anayetumia maji ya bahari ayachote maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari na midomo ya mito kama Msimbazi na Mzinga. Wakati wa masika ni heri kutumia chumvi ya kuchanganya, kwani maji ya pwani huwa yamepungua chumvi na kujaa tope.

Sasa ualkali, ambao ndio kiini cha kazi hii. Tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kaboneti. Chagua kiwango kimoja kati ya 7.5 na 8.5 dKH (kipimo cha ualkali), ukishikilie. Pima saa ileile kila siku kwa wiki moja bila kuongeza chochote, mradi kisishuke chini ya 7. Hapo utajua tangi lako linakula kiasi gani. Kupandisha dKH 1 katika lita 400 za maji halisi, ukiondoa nafasi ya mawe, kunahitaji gramu 12 za bikaboneti ya soda safi. Magadi ya dukani yana uchafu mwingi, usiyatumie. Kila dKH 1 iliyoliwa huambatana na miligramu 7 hivi za kalsiamu kwa lita, yaani gramu 10 na nusu za kloridi ya kalsiamu yenye maji mawili (dihydrate) kwa tangi hilohilo. Viyeyushe mbalimbali, uvimimine kwa saa tofauti. Vikikutana vikali hugeuka wingu jeupe lisilo na faida. Usipandishe zaidi ya dKH 1 kwa siku. Kalsiamu ikae miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu 1,250 hadi 1,350.

Ualkali ukiwa juu huku naitreti na fosfeti ziko sifuri, ncha za matawi huungua na kuwa nyeupe. Wanaosafisha maji kupita kiasi hujidhuru hapa: acha naitreti miligramu 2 hadi 10 kwa lita na fosfeti 0.03 hadi 0.1.

Jifunzeni kutofautisha kupauka na kuchunika. Tumbawe lililopauka bado lina nyama, inayoonekana kama kioo. Punguza joto na mwanga, huenda likapona. Lililochunika limebaki mfupa mtupu, na mstari hupanda kutoka kwenye shina. Usisubiri: kata sentimita 2 juu ya mstari, penye nyama nzima, ubandike kipande kwenye jiwe kwa supaglu ya jeli.

Anayeanza aanze na Montipora digitata au Stylophora. Vipande vitoke kwenye matangi ya wafugaji wengine, si kwenye miamba yetu. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975, na zinalindwa na sheria ya hifadhi za bahari ya 1994. Matumbawe yote magumu yamo pia katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, hivyo anayeagiza kutoka nje adai vibali. Na maji ya tangi lenye matumbawe ya kigeni yamwagwe chooni, si kwenye mtaro wa mvua unaoishia baharini, kwani hubeba mayai ya minyoo bapa na magonjwa ambayo miamba ya hapa haijayazoea.

Mfugaji wa matumbawe,
Mbezi Beach, Dar es Salaam