Salamu za Pasaka kwa Waliobatizwa, na kwa Sisi Tunaowapokea

Kristo amefufuka! Amefufuka kweli kweli, aleluya!

Ndugu wapendwa, nawatakia heri na baraka za Pasaka. Tumefika, tumshukuru Mungu. Mwaka umekuwa mzito: bei zimepanda, kuna nyumba zilizofunga kwa kukosa chakula hata kabla ya Kwaresima, na wengi wetu tumezika. Mimi nimemzika mama yangu wa ubatizo. Nilibatizwa nikiwa mtu mzima, ukoo wangu umeninunia, na mkono wake ndio uliokuwa begani mwangu. Misa ilipokwisha watu walinipongeza wakaenda zao. Yeye alinichukua kwake tukala, na tangu siku ile akanihesabu mtoto wake. Katika mkesha wa Pasaka mwaka huu, walipoitwa wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, na wasimamizi wao, nililia.

Ndiyo maana nawasihi tusiishie kutangaza idadi ya waliobatizwa. Siku ya Pentekoste walibatizwa watu wapata 3,000, lakini Matendo ya Mitume hayakomei hapo: yanasema walidumu katika fundisho la mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali. Sauli mwenyewe, ndiye Paulo, mtesi wa Wakristo, baada ya kutokewa na Kristo njiani kwenda Dameski, alikaa siku 3 haoni, hali, hanywi. Anania, mwanafunzi wa huko Dameski, alikuwa na kila sababu ya kumwogopa, akaenda, akamwekea mikono, akamwita ndugu. Yerusalemu nako wanafunzi walimkwepa mpaka Barnaba alipomtwaa na kumpeleka kwa mitume. Bila wawili hao, sijui mataifa yangemsikia Paulo namna gani. Na Petro nyumbani kwa Kornelio, akida wa Kirumi asiye Myahudi? Alikwenda kuhubiri, akatoka akiwa yeye pia amegeuzwa, maana alitambua kwamba Mungu hana upendeleo.

Basi tuwe macho, hasa wakati huu wa dhiki. Mwenye njaa apewe chakula kwa sababu ana njaa, kisha aachwe huru. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika Ad Gentes, hati ya mwaka 1965 juu ya umisionari, ulikataza kumlazimisha mtu au kumvuta kwa hila aingie katika imani. Msaada usiwe chambo! Mtu aongoke kwa kuwa amekutana na Kristo, nasi tumfundishe, tumtembelee, tumtetee kwa ndugu zake bila kuwatukana.

Kwenu mliovaa mavazi meupe: karibuni nyumbani. Kwa wagonjwa, wafiwa na walio safarini: Bwana mfufuka awajalie afya, amani na faraja. Pasaka njema.