Kwa watu wazima mnaoanza judo: jifunzeni kuanguka kwanza

Wanangu na wadogo zangu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na miji ya kandokando, mlioingia judo mkiwa mmeshapita miaka 30,

Salamu kwenu nyote. Inanifurahisha sana kuona walimu, mafundi, makarani na akina mama wa sokoni wakivua viatu jioni na kupanda kwenye mikeka. Nawaandikia kwa sababu wengi wenu mna hamu ya kujua kumpiga mwenzako mwereka kabla hamjajua kupigwa mwereka. Mtoto wa miaka 12 ana mwili mwepesi na yuko karibu na sakafu, kwa hiyo haraka yake husameheka. Mtu wa miaka 38 mwenye kilo 85, anayengojwa kazini Jumatatu asubuhi, haraka hiyo humvunja mkono. Miezi mitatu ya kwanza iwe ya kuanguka. Mengine yatakuja yenyewe.

Kuanguka nyuma huanzia chini kabisa, ukiwa umelala chali. Inua kichwa mpaka kidevu kiguse kifua na macho yaone fundo la mshipi wako, kisha usiyabandue hapo. Pishanisha mikono kifuani, halafu piga mkeka kwa mikono yote miwili kwa pamoja, viganja vikiangalia chini. Mkono utue wote kwa mpigo mmoja, kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko, nyuzi 30 hadi 45 kutoka ubavuni. Toa pumzi unapopiga. Fanya hivyo mara 20. Ukishazoea, chuchumaa, shusha makalio karibu na visigino, kisha ujiviringishe nyuma mgongo ukiwa umepinda. Mikono ipige wakati ule ule mgongo wa juu unapogusa mkeka. Ukichelewa, mgongo umeshabeba kishindo chote peke yake. Kuanguka kutoka wima msikuguse kabla ya wiki ya tatu, na atakayehitaji wiki ya tano asione haya.

Makosa ya hapa yanajulikana. La kwanza ni kutazama dari: kidevu kikiinuka, kisogo hugonga mkeka, na hilo ndilo kosa pekee ambalo mwalimu anapaswa kusimamisha darasa zima kwa ajili yake. La pili ni kutanguliza kiganja nyuma ili kujizuia. Mtu mzima amejikinga hivyo tangu utotoni kila alipoteleza kwenye matope, kwa hiyo mkono unakwenda wenyewe kabla hajafikiri. Kiganja kikitangulia, uzito wote wa mwili hupita kwenye mifupa midogo ya kifundo cha mkono, ukapanda kwenye kiwiko, na wakati mwingine ukaishia kwenye mtulinga. Dawa yake ni kurudia, mara 20 hadi 30 kila zoezi, mpaka mkono usahau ile njia ya zamani. Wengine hutanua mikono kama msalaba, na bega linauma kesho yake. Wengine hubana pumzi, wakitua wanabaki wanatweta kana kwamba wamepigwa ngumi ya tumbo.

Kuanguka ubavu ndiko mtakakotumia zaidi, kwa kuwa mitupo mingi humlaza mtu kwa upande. Mkono mmoja hupiga mkeka, wa pili hubaki umeshika nguo ya mwenzako. Angalieni miguu: iachane, isipishane, la sivyo vifundo vitagongana na maumivu yake hayasahauliki. Kuviringika mbele nako kunapita kwenye mstari wa mshazari, kutoka nyuma ya bega la kulia hadi nyonga ya kushoto. Kichwa hakigusi chini, wala uti wa mgongo haupitiwi moja kwa moja. Anayeogopa aanze akiwa amepiga goti moja. Anayejirusha kwa pupa hutua kwenye ncha ya bega, na kiungo kile kikiachia ni miezi ya kungoja.

Ndugu zangu wa Nakuru, najua ndondi ziko kwenye damu ya mji wenu. Mji wa Philip Waruinge, aliyetuletea shaba ya Olimpiki Mexico mwaka 1968 na fedha Munich mwaka 1972, hauhitaji kufundishwa ujasiri. Lakini mwanandondi amefunzwa kwamba kwenda chini ni kushindwa, na anapohamia judo hukakamaa, hunyoosha mkono na kung'ang'ania kusimama hata mtupo ukiwa umeshamchukua. Hapo ndipo goti hujipinda. Mazoezini, mtupo ukishakukamata vizuri, ufuate. Anguka safi, inuka, endelea.

Sasa upande wa anayetupa. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, alifundisha kwamba wawili wanaofanya mazoezi wanapaswa kufaidika wote wawili. Kwenye mkeka jambo hilo liko kwenye mkono unaoshika nguo ya mwenzako. Unapompiga mtama au kumzungusha juu ya nyonga, usiachie ile nguo ya mkono wake. Anapofika chini, ivute juu kidogo kuelekea kifuani mwako, kiasi cha kumgeuza alale ubavu na kichwa chake kibaki juu ya mkeka. Wewe mwenyewe baki umesimama wima, magoti yamelegea. Ukiachia, anaanguka kama gunia. Ukimfuata chini na kilo zako 90, mbavu zake ndizo zitakazokupokea. Mtu asiyeweza kulinda hivyo bado hajajua mtupo, hata kama kila mtu anaanguka mbele yake.

Mkifika kwenye kabali na kubanwa kiwiko, kugonga mara mbili, yaani kusema "basi, niachie", ni lugha ya heshima. Gonga mwili wa mwenzako, asikie kwa ngozi yake, na mikono ikibanwa sema kwa sauti au gonga kwa mguu. Kiwiko kilichonyooshwa hakitoi onyo refu, kati ya kubana na kuumia ni nafasi ndogo sana. Kabali ya shingo iliyoshika vizuri huzuia damu kwenda kichwani, na mtu anaweza kuzimia katika sekunde 10 hivi. Kwa hiyo gonga mapema, na unayegongewa achia papo hapo. Mwenzako akilegea bila kugonga, achia vilevile na umwite mwalimu. Wanaume wakubwa wenye vyeo huwa wagumu wa kugonga mbele ya vijana. Nawasihi mlegeze hapo.

Kuna kipindi cha hatari ambacho wachache huambiwa. Baada ya wiki 6 hadi 8 pumzi inakuwa nzuri, misuli inaitika, na mtu anajiona amekuwa simba. Anaongeza siku, kutoka 2 kwa wiki hadi 5. Lakini kano na gegedu hupata damu kidogo kuliko misuli, na hukomaa polepole zaidi. Nguvu imetangulia, viungo vimebaki nyuma. Magoti, vidole na viwiko huanza kulalamika wakati huo. Bakini na siku 2 kwa wiki kwa miezi miwili, kisha ongezeni ya tatu. Maumivu ya misuli ya siku mbili ni ya kawaida. Maumivu makali ya sehemu moja ndani ya kiungo, au kiungo kilichovimba, ni ya kupumzisha na kuonyesha daktari. Na kabla ya yote, nendeni kliniki mkapimwe presha, hasa mliokaa miaka bila kukimbia.

Mkichagua mahali pa mazoezi, tazameni sakafu kabla ya kutazama medali ukutani. Kumbi zetu nyingi ni saruji. Mikeka ya kutupana iwe na unene wa sentimita 4 au zaidi. Ile myepesi ya sentimita 2 inayounganishwa kwa meno inafaa mateke na ngumi, si mitupo. Pitisheni mguu kwenye viungio vya mikeka: kidole gumba kikiingia ufa, mtupo ukizunguka, kidole kinabaki nyuma. Nguzo na kuta ziwe mbali. Na mwalimu akikurushia mpinzani siku ya kwanza bila kukuonyesha kuanguka, chukua viatu vyako uondoke.

Nguo ya judo ni nzito kuliko ya karate. Ya karate mkiishika mabegani na kuvuta, itachanika. Ukipata ya mtumba pale soko la Kibuye, Kisumu, kagua mshono wa bega na kola kabla ya kulipa. Pamba hunywea, basi chukua iliyozidi kidogo na uifue kwa maji baridi. Ifuliwe kila baada ya zoezi, hata mvua za Aprili zikichelewesha kukauka, kwa maana choa husambaa upesi pale ngozi inaposuguana. Kucha zikatwe za mikono na za miguu. Pete, hereni na saa zivuliwe. Wenye nywele za kusuka wafunge kwa kitambaa, pasiwe na chuma chochote kichwani.

Kisumu, anzeni jua likishapoa na mnywe maji kabla ya kiu, nusu lita hivi saa moja au mbili kabla. Nakuru iko juu, kama mita 1,850, na jioni zake ni baridi: pasheni mwili moto kwa dakika 20, shingo na mabega msiyaruke. Mkitembeleana, wa Kisumu watahema mapema kule juu, na si ishara ya udhaifu.

La mwisho linahusu kichwa. Aliyegonga kichwa akasikia kizunguzungu, kichefuchefu, kuona maluweluwe au kusahau kilichotokea, zoezi lake limeisha siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Asiendeshe pikipiki kurudi nyumbani, na asiachwe peke yake usiku huo. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma au akishindwa kuamshwa, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi. Hata akipata nafuu asirudi kutupwa mpaka daktari amruhusu, na siku atakayorudi aanze tena chali, kidevu kifuani, mara 20.

Ni mimi mzee wenu,
Kisumu