Kikeki kidogo, dakika 20 za kusubiri, dakika 3 za kukila kikiwa sawa

Ijumaa iliyopita usiku dada mmoja aliinuka mezani kwake akaja mpaka kaunta yetu ya keki na aiskrimu, hakuwa na hasira ila alionekana kachoka, akaniuliza dada hivi kweli kale kakeki kadogo kanachukua dakika 20? Nikamjibu haraka haraka mana nyuma yangu kulikuwa na oda nne zinaningoja, nikamwambia ndo kanaokwa sahizi, akarudi kukaa. Jibu lile halijanitoka kichwani wikiendi nzima. Mtu kavaa kapendeza, kaja na mdogo wake wa besdei, alistahili maelezo zaidi ya hayo. Kwa hiyo naandika hapa nikiwa nimetulia, ili na wewe ukija ujue nini kinaendelea nyuma ya ile kaunta.

Tuanze na hiyo hiyo keki, ile ya chokoleti ya moto ambayo ukiipasua na kijiko katikati inatiririka. Unga wake tunauchanganya asubuhi, hilo sio siri. Ila kuoka hatuwezi kuoka mapema hata kwa nusu saa, mana ikipoa haitiririki tena, na ukiirudisha kwenye oveni ipate moto mpaka katikati, keki ya nje inaiva kupita kiasi na kukauka. Yule mpishi Mfaransa Michel Bras aliyeitoa mwaka 1981 alikuwa anagandisha donge la chokoleti na krimu kwanza, halafu analizungushia unga wa keki, hivyo nje inaiva wakati ndani donge ndo kwanza linayeyuka. Sisi tunafuata njia hiyo. Wengine hawaweki donge, wanaoka keki kwa muda mfupi tu na kuitoa kabla katikati haijashika, na yenyewe ni tamu sana, ila dakika moja ikizidi basi imeharibika.

Kuna wateja wanairudisha wakisema haijaiva. Sio kosa lenu kabisa, ukipasua keki ukaona uji uji lazima uwaze hivyo. Kwetu ule uji ni chokoleti na krimu, hauna yai. Ila ukienda sehemu nyingine wanayotumia njia ile ya muda mfupi, uji wa katikati ni unga wenye mayai ambayo hayajaiva vizuri, kwa hiyo kama ni mjamzito au unamlisha mtoto mdogo uliza kabla, ni swali la kawaida na mpishi yeyote mwenye akili zake atakujibu bila kununa.

Sufle, ile keki nyepesi ya mayai inayoumuka, ndo kabisa. Ile inapanda kwa sababu ya hewa tuliyopiga kwenye ute wa yai, oveni inaitanua ile hewa na mvuke unasukuma, inasimama juu ya kibakuli kama kofia. Ikitoka tu hewa inaanza kupoa na kusinyaa, ndani ya dakika chache imeshuka. Ndo mana mnaonaga weita wetu anakuja kama anakimbia, sio kwamba hana adabu. Na ikishuka mbele yako haina tatizo lolote, ladha ni ile ile, wewe kula.

Sasa niongelee picha, na hapa naomba nieleweke vizuri. Picha zenu tunazipenda, kusema ukweli nusu ya watu wanaokaa kwenye viti vyetu waliziona mahali kwanza ndo wakaja. Kinachoniuma mimi ni kumuangalia mtu anazungusha sahani, anasimama, anakaa, anamuita mwenzie ashike taa ya simu, na aiskrimu inazama pembeni taratibu, halafu anaionja ikiwa maji anasema mbona ya kawaida. Haikuwa ya kawaida, ilikuwa nzuri dakika nne zilizopita!

Aiskrimu ina mambo yake. Kwenye friza kubwa inakaa nyuzi -18 au chini zaidi, ila hatukupi hivyo, tunaihamisha kwenye friza ya kaunta inayokaa kama -12 mpaka -14 mana ikiwa baridi sana ni ngumu kama jiwe na ulimi unakufa ganzi. Baridi inaficha utamu. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba kuna protini kwenye chembe za ulimi zinazopokea utamu ambayo kazi yake inaongezeka jinsi joto linavyopanda, kati ya nyuzi 15 na 35, ndo mana aiskrimu ile ile ukiionja imeyeyuka unaona imezidi sukari. Sisi sukari tumeipima kwa ajili ya baridi. Halafu ndani yake kuna hewa nyingi, kwa zile za kawaida inaweza kufika nusu ya ujazo wote, na ikiyeyuka ile hewa inaondoka, ndo mana bakuli lililojaa linageuka vijiko vichache vya maziwa. Mtu akiniomba niirudishe kwenye friza igande tena inabidi nikatae, itaganda kweli ila inatengeneza chembe kubwa za barafu na mdomoni unahisi kama mchanga. Bora nikuwekee nyingine.

Kwa hiyo tumefikiria tufanyeje ili picha upate na ladha upate. Ukiagiza, sema tu nataka kupiga picha. Tukijua mapema tunaleta sahani yenye keki na mapambo yake kwanza, unapiga unavyotaka, ukimaliza unatupa ishara tunaweka aiskrimu na kumimina sosi ya moto pale pale mezani, na kama unataka video ya kumimina ndo muda wake huo. Meza mbili za dirishani zina mwanga mzuri, ziombe. Na mkiwa wengi chagueni sahani moja ndo iwe ya picha, zingine zianze kuliwa, kuliko sahani sita zote zinasubiri mpiga picha mmoja.

Kitu kinachovumilia picha kuliko vyote ni zile chokoleti zetu za kung'aa, tena hizo ndo zinanipa kazi kuliko chochote. Mafuta ya kakao yanaweza kuganda kwa namna sita tofauti na ni moja tu ndo inang'aa, inakatika kwa mlio, na inayeyuka kama nyuzi 34 hivi, chini kidogo tu ya joto la mwili wako. Ndo mana inaanza kulainika ukiiweka tu ulimini. Ili tuipate hiyo moja tunaipasha chokoleti nyeusi mpaka 45 hadi 50, tunaishusha 27 au 28 huku tunaikoroga bila kuacha, halafu tunaipandisha tena taratibu mpaka 31 au 32. Ukikosea unaanza upya. Ukiwahi kuona chokoleti imefubaa ina michirizi myeupe usiogope, mara nyingi ni mafuta yamepanda juu, haidhuru, ila haina raha mdomoni na sisi hatuiweki mezani.

Swali lingine la kila wiki, mbona hamna ile aiskrimu ya moshi? Mnamaanisha ya naitrojeni, ile hewa iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika. Wazo lenyewe sio geni, Agnes Marshall wa Uingereza alishapendekeza mwaka 1901 watu wagandishe aiskrimu mezani kwa hewa iliyogeuzwa kimiminika. Na inatoa aiskrimu laini sana kwa sababu inaganda haraka mno chembe za barafu hazipati muda wa kukua. Ila ile kitu ina nyuzi -196. Ikitumika jikoni na ikaisha yote kabla chakula hakijafika kwako ni sawa, shida ni ile ya kumiminiwa dakika ya mwisho ili mtu atoe moshi mdomoni, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kwa umma mwaka 2018 kuhusu hizo mana watu waliungua ndani na nje. Jiko letu ni dogo na tunapishana kwa mabega, sitaki kuiweka. Najua kuna wateja tunawapoteza kwa hilo na nimekubali.

Mzio naomba tuongee kwa uwazi. Tuambie unapoagiza, sio kijiko cha kwanza kikishaingia. Na useme ni ya namna gani, mana kuna mtu hapendi karanga na kuna mtu ambaye chembe moja inamfikisha hospitali, na sisi tunatumia oveni moja na meza moja. Huyo wa kwanza tutamtolea zile za juu na atafurahi. Wa pili tutamwambia ukweli kwamba hatuwezi kumhakikishia, na ntamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu hata kama mstari umefika mlangoni. Pia zile krimu zinazotikisika kama jeli zina jelatini, ambayo inatoka kwenye wanyama, na sosi mbili zetu zina pombe kidogo, kwa asiyetumia tuna nyingine, aseme tu.

Kuanzia wiki hii kila kitu kwenye menyu kina dakika zake pembeni. Keki ya moto 20, sufle 25, vya baridi 5 mpaka 8. Ukitaka cha moto kiagize ukikaa tu hata kama hujaamua kinywaji, na kama mmekuja kuagiza vitu kadhaa anzeni na vya matunda vyenye uchachu chokoleti ije mwisho, ukianza na chokoleti ulimi unachoka na limau inaonekana kali bure. Kuna wanaotaka kufungiwa waondoke nayo. Keki za baridi sawa, chokoleti sawa, aiskrimu sawa kama unakaa karibu. Sufle hapana. Na krem brule, ile krimu ya mayai yenye sukari ya kuchomwa, hapana, ile sukari ya juu tuliyoichoma inavuta unyevu, ikikaa kama nusu saa inalainika na ule mlio wa kijiko kuvunja hauupati tena, kwa hiyo tukikukatalia usituone wachoyo, kaa kidogo tu hapa kaunta, nafasi tutakutafutia.